Mtandao Umekatikia Wapi?

Kwa miaka mingi nyumbani kwetu Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, mtandao ukikata dawa ilikuwa moja tu: chomoa ruta, subiri kidogo, chomeka tena. Aliyekuwa akiifanya kazi hiyo ni mama, kwani ndiye aliyekuwa na haja na mtandao kuliko sote. Kaka yake, mjomba wetu, anaishi Maskati tangu sijazaliwa, na kila Ijumaa baada ya sala ya isha wanaonana kwa video. Mama anataka kumwona uso, sauti peke yake haimtoshi. Picha ikiganda, mjomba akabaki mdomo wazi, mama alinyanyuka akaenda kuchomoa ruta. Safari nyingine ilisaidia. Safari nyingine taa zilitulia mjomba akiwa ameshalala.

Siku hizi mama hachomoi kitu mpaka ajue mtandao umekatikia wapi. Kufika hapo kulichukua muda, na wa kwanza kutuonyesha njia alikuwa fundi mmoja mzee wa simu.

Mwaka 2012 intaneti yetu ilikuja kwa waya wa shaba wa simu ya mezani, ule ule uliokuwa ukipitisha sauti tangu zamani. Masika ikiingia, taa ya laini kwenye ruta ilipepesa mchana kutwa. Tukipiga simu huduma kwa wateja, tunaambiwa tuzime tuwashe. Hatimaye akaletwa fundi mwenye mvi. Alimsalimia mama, akakaa chini mbele ya soketi, na ruta hakuigusa. Alichomoa waya wake, akachomeka simu ya kawaida aliyokuja nayo mkobani, akasikiliza, kisha akanipa na mimi. "Sikiliza nyuma ya mlio," akaniambia. Nyuma ya mlio wa siku zote palikuwa na sauti ndogo ya kuchatachata isiyokoma, kama samli inayoanza kupata moto. "Hayo ni maji, mwanangu."

Tukatoka mpaka uchochoroni. Kisanduku cha viungo kilikuwa juu ukutani, mfuniko umelegea, na ndani yake nyaya zimeota kutu ya kijani, maana hewa ya chumvi ya kwetu haiachi shaba salama. Akakata palipooza, akaunga upya, akapaka grisi ya kuzuia maji, akafunga vizuri. Tuliporudi ndani taa ilikuwa imetulia. "Kabla hujaisingizia ruta," alisema akikusanya zana zake, "jua kwanza nje kukoje." Maneno hayo yametufaa kuliko kifaa chochote tulichonunua baadaye.

Nje kulipotengenea, ya ndani yakajitokeza. Ruta ilikuwa ukumbini, karibu na soketi ya simu. Mama alipenda kuzungumza na kaka yake akiwa chumbani kwake, vyumba viwili nyuma na ngazi moja juu. Waliojenga nyumba hizi walibeba dari kwa boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiendi mbali: karibu mita tatu ndio upana wa chumba. Ndiyo maana nyumba za Mji Mkongwe zina vyumba virefu vyembamba, na kila ukipiga hatua chache unakutana na ukuta. Ukuta wenyewe ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita au zaidi. Matumbawe yana vitundu, vitundu hunywa unyevu, na maji humeza mawimbi ya waifai. Kutoka ukumbini mpaka kitandani kwa mama mawimbi yalikuwa yakipenya zaidi ya mita moja ya jiwe lenye unyevu. Nilitembea na simu mkononi nikaona vijiti vinapungua kila nikivuka mlango. Chumbani kilibaki kimoja, nacho kinakuja na kupotea.

Nazipenda kuta zile. Ndizo zinazotuweka baridi wakati wa kaskazi, jua likiwa kali nje, na sikutaka kusikia habari ya kuzitoboatoboa. Tukaanza na vitu vidogo. Ruta ilikuwa imekaa chini, nyuma ya kabati lenye kioo na masinia ya shaba, na chuma cha aina yoyote hurudisha mawimbi yalikotoka. Tukaipandisha juu ya rafu karibu na uwazi wa ngazi, maana penye uwazi mawimbi hupita kwa raha. Antena ikisimama wima nguvu zake huenda pembeni, juu na chini hufika kidogo. Kwa hiyo moja kati ya mbili tukailaza ili ihudumie ghorofa ya juu. Chumbani vikawa vijiti viwili, na mjomba akaacha kuganda kila dakika.

Miaka michache baadaye tuliachana na waya wa shaba, ikaja ruta ya 4G yenye laini ndani yake. Hiyo ilitaka dirisha linaloelekea mnara, nalo liko mbele, mbali na chumba cha mama. Tena likazuka jambo lililonisumbua kuliko yote: mchana mambo mazuri, ikifika saa mbili usiku vijiti vimejaa lakini hakuna kinachokwenda. Mtaa wetu una nyumba za wageni nyingi, na kila moja ina ruta yake. Chaneli za gigahezi 2.4 zimepangwa kila baada ya megahezi 5, ilhali ruta moja ikisema hutwaa upana wa megahezi 20 hivi. Ndiyo sababu ni 1, 6 na 11 tu zinazoweza kukaa jirani bila kuingiliana. Na ruta husikiliza kabla ya kusema. Ikikuta nyingine inasema kwenye chaneli yake, husubiri. Wageni wakirudi kutoka Forodhani na kufungua simu zao, ruta yetu ilikuwa nzima kabisa, ila inangoja zamu. Nilipakua programu inayoonyesha mitandao ya jirani, nikakuta karibu wote wamerundikana chaneli ya 6. Tukahamia ya 1, na Ijumaa iliyofuata mama alizungumza mpaka akachoka mwenyewe.

Kulikuwa na ubovu mwingine wa kupita. Ruta ilikuwa inajizima na kujiwasha kila tunapoitumia watu wengi. Fundi wa redio pale Darajani akapima adapta: ikiwa peke yake inatoa volti 12 kamili, ikishika mzigo inaanguka. Tulibadilisha adapta, yakaisha.

Kazi ninayojivunia zaidi ni waya niliouvuta kutoka ruta mpaka chumbani kwa mama kupitia upenyo wa bomba la maji la zamani. Matumbawe yakipigwa drili humong'onyoka, na upenyo ule ulikuwepo kabla sijazaliwa. Mwisho wa waya nikaweka kifaa cha pili kinachotoa waifai ya gigahezi 5. Mawimbi hayo hushindwa na kuta haraka kuliko yale ya 2.4, na hapo kuta zetu zikawa msaada: ya kwetu haitoki chumbani, na ya jirani haiingii.

Mama naye akajipatia kipimo chake. Mtandao ukisumbua, anakwenda na simu mpaka ilipo ruta. Ukifanya kazi pale, ubovu ni wa kuta. Usipofanya, anatazama taa ya laini. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 alinipigia: "Waifai nimeishika, taa zote zimetulia, ila hakuna kinachofunguka. Hili si letu." Na kweli halikuwa letu. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikuwa imepata hitilafu, mtandao wa Tanzania na nchi jirani ukazorota. Ruta hakuichomoa. Alimpigia mjomba simu ya kawaida, akamweleza kwamba mkongo umekatika baharini na wavumilie.

Hivi karibuni imefunguliwa nyumba ya wageni mpya mkabala na dirisha letu. Kijana anayeisimamia alikuja barazani. "Shikamoo, Bi Mkubwa. Kwenu mtandao unakwendaje usiku? Wageni wangu wananilalamikia." Mama akamkaribisha kahawa, akamwuliza ruta yake iko chaneli ya ngapi. Hakujua, nikamfungulia programu akaona mwenyewe: yuko ya 3, anatuingilia sisi wa 1 na wale wa 6, na sisi sote tunamwingilia yeye. Ya 11 ilikuwa na mmoja tu, mbali, mwisho wa uchochoro. Akahamia huko jioni ile ile. Sasa anataka nimtazamie ghorofa yake ya chini, ambako ukuta una unyevu kuliko wetu, na nimemwambia Jumamosi nitakwenda na waya.