Luninga Inayokula Bando la Baba

Akina mama wenzetu, zamani ukitaka kujua nyumba ipi ina luninga ulitazama juu ya paa. Huku kwetu Bagamoyo wazee husimulia jinsi wachache waliokuwa na chombo hicho walivyofunga antena juu ya mlingoti mrefu na kuielekeza baharini. Zanzibar walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwaka 1973, ilhali sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994 ndipo vituo vya kwanza vikaanza kurusha matangazo. Kisha zikaja zama za visimbuzi, pale mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Sasa katika nyumba nyingi kisimbuzi nacho kimewekwa kando. Luninga inakunywa kutoka mfukoni mwa mtu, na mtu huyo mara nyingi ni baba.

Sisi tunaoandika haya ni akina mama wa kikoba kimoja hapa Magomeni, Bagamoyo. Hukutana kila Jumamosi alasiri kununua hisa na kurejesha mikopo, na hesabu zikishafungwa huja maongezi. Wanne kati yetu wamenunua luninga janja kwa mkopo wa kikoba hicho hicho, na tangu hapo hatuna habari nyingine. Ni nani atatoa mtandao?

Kwani mambo huwa hivi. Baba huondoka alfajiri kuwahi daladala ya Makumbusho, na simu yake iko mfukoni. Mchana kutwa luninga ni kioo cheusi ukutani; mama anaipangusa vumbi tu. Baba anarudi saa mbili usiku amechoka na foleni, hajavua hata viatu, watoto wanamkimbilia mlangoni. Zamani walisema, "Shikamoo baba." Siku hizi husema, "Baba, washa hotspoti," na shikamoo hufuata baadaye, ikikumbukwa. Mwenzetu mmoja anasema mumewe alicheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu hakucheka tena.

Kwa wale ambao hawajajaribu, kazi yenyewe si ngumu. Kwenye simu unafungua mipangilio, unatafuta mahali pa mtandaopepe, ambao wengi twauita hotspoti, unaipa jina na neno la siri lisilopungua herufi nane. Kisha kwenye luninga unafungua mipangilio ya mtandao, unachagua jina lile, unaandika neno la siri kwa rimoti, herufi moja moja, hadi kidole kinauma. Ukishaandika mara moja luninga inakumbuka.

Ila yapo mawili yanayowasumbua wengi na hakuna anayeyaeleza dukani. La kwanza, luninga nyingi za bei nafuu hupokea mawimbi ya GHz 2.4 tu. Simu mpya zinaweza kurusha ya GHz 5, na hapo luninga itatafuta mpaka kesho isione kitu, nawe utadhani umeuziwa kibovu. Ingia tena kwenye mipangilio ya mtandaopepe uchague 2.4, kwenye iPhone mpya ipo swichi ya kuifanya ipatane na vyombo vingi zaidi, nayo kazi yake ni hiyo hiyo. La pili ni nyumba zetu zenyewe. Wenzetu wanaoishi Mji Mkongwe, katika zile nyumba za mawe ya matumbawe zenye kuta nene kama mkono mzima, wanajua simu inavyokosa nguvu sebuleni. Dawa yake ni kuiweka simu dirishani upande unaoshika mtandao vizuri, si kuibana nyuma ya luninga. Wala usiifunike kwa kitambaa cha fuma huku inachaji na kusambaza mtandao, maana hupata moto kweli kweli.

Sasa tuje kwenye bando. Hapa ndipo ugomvi ulipoanzia katika nyumba mbili kati ya zetu. Baba alizoea bando lake la wiki linamfikisha wiki, anatazama mpira na taarifa ya habari kwenye simu na linabaki. Alipolipeleka kwenye luninga likaisha siku ya pili, akauliza nani kaiba. Hakuna aliyeiba. Kioo kikubwa kinadai picha kubwa. Netflix wenyewe hutaja kwamba picha ya wastani hutumia karibu GB 0.7 kwa saa, picha angavu ya HD hadi GB 3, na ile ya juu kabisa hadi GB 7. Simu hutosheka na picha ndogo, lakini luninga, usipoikataza, huvuta picha bora kadiri mtandao utakavyoruhusu. Ukifungua YouTube kwenye luninga, tafuta mahali pa ubora wa picha ushushe hadi 480. Kwa katuni za watoto na kwaya hutaona tofauti ya kukukosesha usingizi. Zima pia ile tabia ya video kuanza yenyewe baada ya nyingine kwisha, kwani watoto husinzia kwenye mkeka na luninga inaendelea kula peke yake. Na ukikuta bando limepungua hakuna aliyetazama, huenda ni luninga inajipakulia masasisho. Nayo inazimika huko huko kwenye mipangilio.

Haya yote ni ya ufundi, yanatatulika. Lililotukalisha hadi giza likaingia Jumamosi moja ni jambo la mazishi.

Mama mkwe wa mwenzetu mmoja, bibi wa zaidi ya miaka themanini, alifiwa na kaka yake huko Songea. Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 900, na miguu yake hairuhusu basi. Wajukuu wa kule wakasema watarusha ibada na mazishi moja kwa moja YouTube. Mume alikuwa ameshasafiri kwenda kuzika, hivyo ikatumika simu ya mke. Tulikwenda kukaa na bibi, tukatandika mikeka, luninga ikawashwa, na bibi akasogezewa kiti karibu kabisa na kioo. Alimtambua kila mtu aliyepita. Alikuwa anataja majina kwa sauti ya chini.

Ndipo simu zikaanza kuingia. Watu wema, ndugu na majirani, wakipiga kutoa pole. Na kila simu ilipoita, picha iliganda. Baadaye kijana mmoja fundi simu alitueleza: simu nyingi za kwetu zikipokea maongezi hushuka kutoka mtandao wa 4G kwenda ule wa zamani, na intaneti hupungua mno au hukatika kabisa mpaka maongezi yaishe. Wakati ule hatukujua. Tulichoona ni jeneza limesimama hewani, na bibi anauliza, "Mbona hawamshushi?" Mwenzetu alibaki njia panda. Asipopokea, ni wifi yake wa Mbeya anayelia. Akipokea, bibi haoni kaka yake akizikwa. Mmoja wetu akachomoa simu yake mwenyewe mkobani, akawasha hotspoti, tukaandika tena neno la siri kwa ile rimoti huku mikono inatetemeka. Tuliwahi udongo. Bibi aliona shada la mwisho likiwekwa, akasema basi, zimeni.

Tangu siku hiyo wengi wetu tunasema simu ya mtu na simu ya luninga zisiwe moja. Simu ya mama ndiyo anayopigiwa mtoto akiugua shuleni. Ndiyo yenye pesa za kikoba na namba zake za siri. Huwezi kuiacha juu ya meza kutwa ili wadogo watazame katuni, wewe umekwenda Dar es Salaam huna hata njia ya kusema umefika. Na ya baba ni hivyo hivyo. Wawili wetu wamepeana na waume zao utaratibu huu: simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, ambayo ingeuzwa kwa bei ya kutupa, imepewa laini yake na haitoki nyumbani. Bando lake limeandikwa kwenye bajeti ya mwezi pamoja na umeme na gesi, likiisha limeisha. Kinachotupendeza ni kwamba hakuna anayemwomba mwenzake tena. Mke aliyelazimika kila siku kuomba mtandao kama anavyoomba nauli anajua tunasema nini.

Lipo na lingine, tuliseme kwa adabu. Luninga ikiingizwa YouTube kwa akaunti ya simu ya mtu, vyombo hivyo viwili hukumbuka pamoja. Alichotazama mtu peke yake usiku chini ya shuka, kesho yake kinachungulia sebuleni kama pendekezo, mbele ya watoto na mgeni. Yametokea, na hatutasema kwa nani. Ni afadhali nyumba ifungue akaunti yake yenyewe, isiyo ya baba wala ya mama, halafu mama awe anapitia historia yake mara kwa mara. Humo utaona watoto walitazama nini saa tisa alasiri ulipokuwa sokoni, bila kumhoji mtu.

Hata hivyo hatukukubaliana wote. Mwenzetu mmoja, ambaye watoto wake watatu wako shule ya msingi, hataki kabisa kusikia habari ya simu ya luninga. Kwake hotspoti inatoka kwa baba tu, usiku, saa moja unusu au mbili, basi. Anasema mchana luninga ikiwa kioo cheusi madaftari yanafunguliwa, na baba akiwasha mtandao analazimika kukaa sebuleni na familia, maana akitoka na simu hata kwenda kibarazani kwa jirani, picha inakatika. "Nyie mnamfungua," alituambia, "mimi nimemfunga kwa bando lake mwenyewe." Tulicheka sana, lakini njiani kurudi baadhi yetu tulikuwa kimya.

Jumamosi ijayo kuna maombi mawili ya mkopo mezani. Moja ni la rauta ndogo ya laini, jingine ni la simu iliyotumika. Yule mwenzetu amesema atapiga kura kuyapitisha yote mawili, mradi yeye asishawishiwe.