Safu ya Katikati

Mimi ni huntha. Neno hilo nilipewa nikiwa na miaka 15, na aliyenipa hakuwa daktari. Alikuwa maalimu wa chuo cha mtaani kwetu, Pwani ya Kenya.

Nilizaliwa nyumbani mwaka 1988. Mkunga alinigeuzageuza kwenye mwanga wa koroboi, akanyamaza, kisha akamwambia bibi, "Mpeni jina la kike. Mengine Mungu atayafunua." Nikasukwa nywele, nikatogwa masikio. Mengine yalipofunuka, hedhi haikuja. Zilikuja ndevu na sauti nzito. Shule ya bweni ya wasichana ilinifukuza muhula wa pili tu. Wenzangu walinichungulia bafuni, na mwalimu mkuu akaona ni rahisi kuniondoa mimi kuliko kuwafunza wao adabu.

Mama alidhani nina jini, akanipeleka kwa maalimu nisomewe. Mzee alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Huyu hana jini," alisema. "Ni huntha. Wanazuoni walishamwandika zamani: atarithi kiasi gani, atasimama wapi katika sala. Safu yake iko baina ya wanaume na wanawake." Nililia siku ile. Kumbe kuna vitabu vilivyonijua kabla sijazaliwa.

Lakini nje ya vitabu sikuwa na safu. Kitambulisho kilisema mwanamke, picha ikasema mwanamume. Wakala wa pesa za simu alikataa kunipa fedha zangu, akanipigia kelele za mwizi. Kituoni nilivuliwa nguo mbele ya askari wanne, eti wahakikishe. Baada ya hapo nilikimbilia uvuvi. Baharini hakuna anayekuuliza kitambulisho. Unaulizwa kama unaweza kuvuta jarife.

Desemba 2014, redioni, nilisikia Mahakama Kuu ya Nairobi imeamua kesi ya mtoto ambaye hospitalini, penye nafasi ya jinsia, waliandika alama ya kuuliza. Jaji Isaac Lenaola aliitaka serikali iangalie hali ya watu kama sisi kisheria. Nilizima redio nikakaa gizani. Alama ile niliijua. Nimeiona machoni mwa watu maisha yangu yote.

Sensa ya 1999 ilinihesabu msichana. Ya 2009, karani alinitazama akabahatisha. Agosti 2019 alikuja kijana mwenye kishikwambi, akauliza, "Mume, mke, au huntha?" Nilimwomba arudie swali, si kwa kutosikia. Matokeo yalipotoka, kati ya Wakenya zaidi ya milioni 47, tulikuwa 1,524. Najua wapo waliofichwa chumba cha ndani karani alipobisha hodi. Hata hivyo, usiku ule nililala nikiwa na wenzangu 1,523.

Mwaka 2022 ikaja Sheria mpya ya Watoto. Mtoto huntha ametajwa humo kwa jina, na haki yake ya kutunziwa heshima. Haruhusiwi kukatwa wala kubadilishwa kiungo bila ushauri wa daktari bingwa wa jenetiki. Mimi si mtoto tena, na mfukoni kitambulisho changu ni kilekile cha zamani. Lakini sheria hiyo nimeikariri.

Nilipata kuitumia. Mama mmoja kijana aliletwa kwangu na shangazi yake, amebeba kichanga ndani ya kanga, macho yamemvimba. Alitaka kujua ni hospitali gani watamkata mwanawe haraka, kabla wakwe hawajaona. Nilimpakata mtoto, nikamweleza sheria inavyosema, nikamweleza na habari za maalimu.

"Basi nimwite nani?" aliuliza.

Nikamwambia Pwani hatukosi majina yasiyobagua: Riziki, Amani, Baraka. Achague moja. Mengine mtoto atayasema mwenyewe.