HOMA YA INI B, SEHEMU YA 4: "Nesi, mke wangu ndo kaniletea?"

Leo nawaletea yule kaka wa Mafinga niliyewaahidi.

Alitoka Iringa kuja huku Mbeya kumchangia damu dada yake aliyejifungua kwa upasuaji. Kijana wa mbao, ana nguvu zake, hajawahi kulazwa. Majibu yakatoka: VVU hana, kaswende hana, homa ya ini C hana. Homa ya ini B anayo. Damu yake haikutumika.

Nikamsalimia "kamwene" ili apoe kidogo. Hakuitikia. Akauliza hilo swali hapo juu.

Jamani, hapo ndipo ndoa zinapovunjika. Someni vizuri.

Kirusi hiki kina koo zake, zimepewa herufi A mpaka J. Afrika Magharibi imetawala E. Huku kwetu Afrika Mashariki ni A, hasa tawi la A1. Wataalamu waliosoma vinasaba vyake wanasema A1 ni mkazi wa siku nyingi wa Afrika. Hata biashara ya utumwa ilimvusha bahari. Siyo mgeni wa juzi aliyetokea gesti.

Wengi wetu tulikipata utotoni: wakati wa kuzaliwa, vidonda vya kucheza, wembe mmoja nyumba nzima. Kichanga akiambukizwa, mara 9 kati ya 10 kinabaki mwilini. Mtu mzima, mara nyingi mwili unakifukuza wenyewe. Ngono inaambukiza, ndiyo, ila kile kipimo hakisemi nani wala lini.

Ila usikipuuze. A1 inaweza kuleta saratani ya ini mtu akiwa bado kijana. Hudhuria kliniki hata kama huumwi popote.

Watoto walianza kuchanjwa nchini 2002. Mimi na yule kaka tulizaliwa kabla. Mimi nilichanjwa dozi 3 baada ya kujichoma sindano kazini na kulia usiku kucha. Chanjo ni hiyo hiyo moja, inazuia koo zote.

Mkewe alikuja wiki iliyofuata. Kapima, hana. Kachoma dozi ya kwanza palepale.

Safari hii kaka ndiye aliyeanza: "Kamwene, nesi."

Wewe uliyezaliwa kabla ya 2002, umepima? Tukutane sehemu ya 5.