Roketi ya Malindi na chupa ya dada

Jamani, leo nimeumbuka darasani! Nimesema kwa kujiamini kuwa Scout, roketi iliyoipeleka setilaiti ya Uhuru angani kutoka San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ilitumia mafuta magumu tu. Mwalimu akaniuliza: sasa hatua ya pili na ya tatu zilikuwa zinanyooshwaje kule juu? Kimya.

Kumbe zilikuwa na vijiinjini vya haidrojeni peroksaidi. Kimiminika kinapita kwenye kichocheo, kinageuka mvuke wa moto na oksijeni, unafyatuka pembeni, roketi inageuka.

Narudi Manzese, namkuta dada saluni anachanganya peroksaidi ya kupaka mteja rangi. Yake hafifu, ya roketi kali balaa, ila ni kitu kilekile! Saluni hiyohiyo ndiyo inanilipia ada. Jumatatu narudia kujieleza, nikikwama tena ni sapu.