Meza ya Noeli na Vitu vya Mitumba

Mwezi wa Desemba ukaribiapo, kila nyumba huwa na mashauri mengi: mbuzi atatoka wapi, wageni watalala wapi, watoto watavaa nini. Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni meza yenyewe: namna ya kuipamba kwa sikukuu bila kuingia katika deni, kwa vitu ambavyo wengine wamekwisha kuvitumia.

Kwa nini tuseme habari ya deni? Kwa sababu sisi tukaao mlimani Kilimanjaro twaona kila mwaka yanayotokea. Desemba ndugu zetu hurudi kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, na kila mwenye nyumba hataki kuonekana mnyonge. Basi hununua sahani mpya, glasi mpya, kitambaa cha meza kinachong'aa, na maua ya plastiki. Siku nane hazipiti, wageni wamekwenda zao, na Januari imebisha hodi. Shule zinafunguliwa. Mtoto anahitaji sare, viatu na madaftari, na fedha imelala kabatini katika sura ya glasi sita ambazo hakuna anayezinywea. Wazee walinena, kipya kinyemi ingawa kidonda. Kidonda hiki huanza kuuma mwezi wa Januari.

Nyumbani kwetu desturi hii ya kupamba meza kwa vitu vikuukuu ilianza Noeli ya mwaka 2022. Mwaka ule mama yetu mzazi alikuwa ameugua muda mrefu, kisha akafariki mwezi wa Agosti. Fedha yote ilikwenda katika dawa, safari za hospitali na mazishi. Hata hivyo baba yetu alisema, “Noeli hii tutakula pamoja, mezani, kama alivyopenda mama yenu.” Hatukuwa na kitambaa cha meza, wala sahani za kuwatosha watu kumi na wanne. Mama wa nyumba yetu akachukua shilingi 40,000, akateremka hadi soko la Memorial mjini Moshi, asubuhi na mapema marobota yanapofunguliwa. Akarudi na shuka mbili nyeupe za pamba, pazia moja la kijani, sahani kumi na moja ambazo hata mbili hazikufanana, bakuli kubwa la supu lenye kifuniko, na jagi la maziwa lililomeguka ukingo kidogo. Chenji ilimtosha kununua mchele.

Siku ya sikukuu mdogo wetu alifika kutoka Dar es Salaam pamoja na mkewe. Alipotambua vitu vile ni vya mitumba, uso wake ulibadilika. Akatunong'oneza, “Kaka, ndiyo kusema Noeli ya kwanza bila mama tunaila katika masalio ya watu wa Ulaya?” Tulinyamaza, maana tulijua ni uchungu wa msiba uliosema. Lakini baba alikuwa amesikia. Akamwita, “Mwanangu, njoo uketi hapa.” Akamweleza habari za mwaka 1983, alipozaliwa. Zamani zile maduka yalikuwa matupu; sabuni ilitafutwa kama dhahabu, na kitambaa hakikupatikana hata kwa mwenye fedha. Ilipowadia siku ya ubatizo, mama alichukua shati jeupe la harusi la baba, akalikata, akashona kanzu ndogo ya mtoto. “Ulibatizwa katika nguo kuukuu,” baba akasema, “na mama yako hakuona haya; alikaa siku mbili akiishona kwa mkono.” Mdogo wetu akajibu, “Nimekusikia, baba.” Akainuka, akaenda kumsaidia shemeji yake kupanga sahani. Chakula kile tulikila kwa machozi kidogo na kwa furaha nyingi.

Tangu siku ile tumelifikiri sana jambo hili, na twaona kwamba haya haitoki katika kitu kikuukuu. Haya ni uchafu na uzembe. Kitu kilichooshwa, kikatengenezwa, kikapangwa kwa upendo, humheshimu mgeni kuliko kitu kipya kilichonunuliwa kwa majivuno. Nayo sikukuu yenyewe yatufundisha hivyo, maana tunamkumbuka Mtoto aliyelazwa katika hori, chombo kilichokuwa kikilisha wanyama. Mtakatifu Fransisko wa Assisi, alipotaka watu wa kijiji cha Greccio katika Italia wauone umaskini ule kwa macho, mwaka 1223, aliwawekea hori lenye nyasi kavu, na ng'ombe na punda kando yake.

Tena, wengi wetu twaweka mezani taji la Majilio lenye mishumaa minne, lakini ni wachache wajuao chanzo chake. Mwaka 1839, katika mji wa Hamburg huko Ujerumani, mchungaji mmjoa aitwaye Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto maskini. Watoto wale walimwuliza kila siku, Noeli itafika lini? Naye akatwaa gurudumu kuukuu la mkokoteni, akapachika juu yake mishumaa ishirini midogo myekundu kwa siku za juma, na minne mikubwa myeupe kwa Jumapili. Kila siku mshumaa mmoja uliwashwa, watoto wakahesabu wenyewe. Basi pambo hilo linalouzwa leo madukani kwa bei kubwa lilianza kwa gurudumu lililokwisha kazi yake! Sisi nyumbani twatumia ringi ya baiskeli iliyopinda, tukaizungushia majani mabichi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, tueleze yale tuliyojifunza kwa kutenda.

Kwanza, kitambaa cha meza. Usitafute kilichoandikwa kuwa ni cha meza, maana bei yake hupanda Desemba. Tafuta shuka ya pamba iliyo nzito. Inyanyue juu uielekeze kwenye jua. Matundu na sehemu zilizochakaa zitaonekana mara moja. Ukifika nyumbani iloweke usiku kucha, kisha ichemshe kwa sabuni, uianike juani, uipige pasi ingali na unyevu kidogo. Doa likikataa kutoka, lipange likae chini ya bakuli kubwa. Pazia letu la kijani tulilikata vipande, tukapinda kingo, tukapata vitambaa vya mikono kwa watu wote.

Pili, vyombo. Kabla ya kununua sahani au kikombe, kigonge kwa ukucha. Kizima hulia kwa sauti ya wazi. Chenye ufa hutoa sauti nzito, hata kama ufa hauonekani. Chenye ufa usikinunue kwa chakula, kwa kuwa uchafu huingia ndani yake na maji hayautoi. Jambo jingine la kuangaliwa sana ni rangi. Vyombo vya zamani vyenye michoro ya rangi kali upande wa ndani huenda vikawa na madini ya risasi katika rangi yake, na vitu vyenye ukali kama ndimu, siki na nyanya huyatoa madini hayo yakaingia chakulani. Nayo hudhuru zaidi watoto wadogo. Chombo cha namna hiyo kiwe pambo tu: kitie maua, usikitie kachumbari.

Tatu, mpango wa meza. Watu hufikiri kwamba sahani zisizofanana huharibu uzuri. Sivyo. Chagua rangi moja iwe kama mkuu wa meza, na nyingine zimfuate. Sisi twachagua nyeupe na buluu. Hata kama michoro ni mbalimbali, macho huiona ni jamaa moja. Vyombo virefu vikae katikati, vifupi kandokando, ili watu waonane nyuso wanapozungumza.

Nne, mapambo ya shambani, ambayo hayana bei. Jani refu la mgomba, likipitishwa juu ya moto kidogo ili lilainike, hulazwa katikati ya meza toka mwanzo hata mwisho. Maua mekundu ya mkrismasi, mti uchanuao Desemba, yakitiwa katika chupa iliyooshwa vema, hayashindwi na ua lolote la dukani. Mishumaa isimamishwe ndani ya mitungi mitupu ya jamu yenye mchanga chini, mbali na majani makavu, mbali na pazia na mikono ya watoto. Wala isiachwe yenyewe watu wakitoka.

Na lile jagi lililomeguka ukingo? Ndani yake sisi huweka majani ya masale. Msomaji wa mbali aelewe kwamba kwa Wachaga mmea huu hupandwa mipakani mwa vihamba. Tena, mtu aliyemkosea mwenziwe humpelekea jani la sale kuomba msamaha, naye apelekewaye huona vigumu mno kulikataa. Basi masale yakiwa katikati ya meza ya Noeli, hata ndugu waliogombea mpaka hukumbushwa jambo bila kuhubiriwa. Kila mtu atafute kwao ni jani gani lenye maana kama hiyo.

Wako wenzetu wasemao kwamba mitumba imewaua wafumaji na washonaji wetu. Neno hilo si la kupuuzwa. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuacha kuingiza nguo za mitumba ifikapo mwaka 2019. Marekani ikatishia kuziondolea nafuu ya ushuru. Nchi nyingine zikarudi nyuma, lakini Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa nafuu hiyo. Hayo ni mambo ya wakubwa. Sisi wadogo twaweza kufanya hivi: tunachookoa kwa kununua shuka kuukuu, sehemu yake tununulie mkeka, kikapu au chungu kwa fundi wa karibu, vitu ambavyo belo la mitumba halina. Chungu cha mtori kilichofinyangwa na wanawake wa Upare, kikisimama juu ya shuka iliyotoka ng'ambo, huwa meza ya heri kwa wote wawili, mchuuzi na mfinyanzi.

Lakini pambo kuu la meza, ndugu zetu, ni mtu aliyeketi hapo ambaye hakutazamia kualikwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mjane wa jirani, mzee ambaye watoto wake hawakurudi mwaka huu, kijana asiye na kwao: kwa hao sahani ya kumi na mbili isiyofanana na zenzake hupatikana kwa fedha kidogo tu. Tena mtu wa namna hiyo hujisikia yu nyumbani zaidi palipo na vyombo vyenye umri na makovu kidogo, kuliko mahali anapoogopa kuvunja glasi mpya ya mwenyeji.

Basi, akina mama na akina baba, msingoje juma la mwisho, wakati bei zimepanda na vilivyo vizuri vimechukuliwa. Anzeni Jumapili ya kwanza ya Majilio: kitu kimoja kila juma, kioshwe, kitengenezwe, kiwekwe akiba. Watoto nao wapewe kazi zao, mmoja apige pasi, mmoja asugue chupa, mmoja akate majani. Ndivyo watakavyojua kwamba sikukuu hutengenezwa kwa mikono. Nanyi walimu, waonyesheni wanafunzi wenu kushona upindo na kuchagua chombo kizima. Twawatakia Noeli njema, meza yenye watu, na Januari isiyo na deni.