Choo Ndani ya Trela

Trela yetu ina urefu wa mita 5 na upana wa mita 2 na ushee. Zamani ilikuwa ofisi ya mkandarasi wa barabara, na mwanangu aliinunua ikiwa imekalishwa juu ya matofali, matairi yameoza na mabati yameanza kushika kutu. Tukaitengeneza. Sasa inavutwa na pikapu kutoka kwetu Tarime, inavuka Mto Mara, na kuzunguka minada ya upande wa Serengeti ikiwa imebeba dawa za mifugo, mbegu, chumvi ya ng'ombe, kamba na majembe. Mchana ni duka. Usiku ni chumba cha mkamwana wangu na msichana anayemsaidia kazi. Mimi na mwanangu hulala nje chini ya turubai, kwa sababu baba mkwe hana nafasi katika chumba alalacho mke wa mwanawe, hata kama chumba chenyewe kina magurudumu.

Haja ya choo haikunifikia moja kwa moja. Ilinifikia kwa kinywa cha mke wangu, ambaye hasafiri nasi. Mkamwana hawezi kumwambia baba mkwe jambo la namna hiyo, na baba mkwe hawezi kuuliza. Mke wangu akaniambia usiku mmoja kwamba binti yule, tukiwa safarini, huacha kunywa maji tangu saa 8 mchana. Jua la Serengeti si jua la kuchezea, na yeye amesimama dukani tangu asubuhi, lakini hanywi ili usiku asilazimike kutoka nje. Kwa mwaka mmoja alikuwa ametibiwa mara mbili ugonjwa wa njia ya mkojo, huu ambao siku hizi kila mtu anauita yutiai. Zahanati walimwambia anywe maji mengi na asibane mkojo. Ushauri mzuri kabisa, ila aliyeutoa hajawahi kulala mnadani.

Msomaji asiyeijua sehemu hii aelewe kwamba wilaya ya Serengeti inapakana na hifadhi. Vijiji kama Robanda viko karibu mno na wanyama, na tembo huingia mashambani bila kubisha hodi. Fisi ndio usiseme. Lakini tuseme ukweli: siku ya mnada pombe hunywewa hadi usiku wa manane, na mimi nawaogopa wanaume waliolewa kuliko ninavyomwogopa fisi. Mwanamke anayetoka peke yake gizani kutafuta kichaka anawakabili wote wawili. Vyoo vya minadani vipo, lakini vingi vimejaa, na pale penye udongo mweusi wa mbuga shimo halidumu. Udongo ule hupasuka wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha huvimba, kuta zikaporomoka na maji yakapanda. Kwetu Tarime mlimani udongo ni mwekundu, unashika. Mtu wa Tarime anayedhani kuchimba choo ni kazi ya siku mbili, avuke Mto Mara akajaribu.

Mwanangu ndiye aliyeleta habari ya choo cha mboji. Alinionyesha kwenye simu trela za Marekani na Ulaya, ambazo watu wa huko husafiria kwa starehe, na ndani ya baadhi yake kuna sanduku la plastiki lisilotumia maji. Mkojo huenda mbele kwenye chombo chake, kinyesi huangukia nyuma kwenye ndoo yenye unga wa mbao au nyuzi za nazi, na bomba jembamba hutoa hewa nje. Harufu mbaya ya choo, kwa sehemu kubwa, hutokana na mkojo kuchanganyika na kinyesi. Ukivitenganisha, na kinyesi ukakifunika kwa kitu kikavu, nzi hawapendi na pua haisumbuki. Hilo nililisadiki upesi, maana nimefuga ng'ombe maisha yangu yote na ninajua tofauti ya samadi kavu na samadi iliyolowa. Bei ndiyo iliyonitoa jasho. Kwa fedha zetu ilizidi shilingi milioni 2, kabla ya usafiri na ushuru. Mwenye ng'ombe ataelewa kwa nini nilimrudishia simu yake kimya kimya.

Jambo lenyewe si geni kama vijana wanavyodhani. Huko Uswidi, Rikard Lindström alibuni choo kikubwa cha mboji kwa ajili ya nyumba yake mwaka 1939. Na sisi Watanzania tumo katika historia hii: mwaka 1978 Wen Kilama, mwanasayansi wetu wa malaria, alitoa pamoja na Uno Winblad wa Uswidi kitabu kizima juu ya vyoo visivyotumia maji, na kikasomwa na mafundi wa afya katika nchi nyingi maskini. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba choo kikavu ni mambo ya Wazungu wenye trela, nina la kumjibu.

Kizazi changu lakini kilifundishwa choo cha shimo. Nilikuwa mtoto wa shule mwaka 1973 ilipofanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakaenda kufyeka, kufukia madimbwi na kuchimba vyoo. Mwaka uliofuata ikaja Operesheni Vijiji, nyumba zikasogezwa pamoja, na aliyekuwa na pori lake nyuma ya boma akajikuta ana jirani. Babu yangu alichimba choo kama alivyoagizwa. Kilikuwa kizuri, kina paa la nyasi na mlango wa matete, na bwana afya alikisifu. Hakuna aliyekiingia. Babu aliweka humo magunzi ya mahindi. Sababu yake haikuwa ujinga, ingawa ndivyo ilivyoandikwa katika ripoti nyingi. Katika nyumba nyingi za kwetu, baba mkwe na mkamwana hawaingii choo kimoja. Uchafu wa mmoja usikutane na wa mwingine. Babu alikuwa na wakamwana wanne, na serikali ilimwagiza shimo moja.

Hapo ndipo penye uzito wa habari yangu. Nilikwisha kuamua kwamba mimi choo cha trela sikigusi, nitaendelea kutembea na jembe langu kama mwenyewe nilivyozoea. Nikadhani nimemaliza. Lakini shimo, ukishalifukia, limefukiwa, na hakuna anayeulizana na mwenzake. Choo cha mboji ni tofauti, kwa kuwa kinakurudishia ulichokipa. Mboji itakwenda wapi? Itakwenda kwenye migomba yangu nyuma ya nyumba. Ndizi zitaivwa na nani, zitapikwa na nani, na sahani ya kwanza atawekewa nani? Nililala na swali hilo siku kadhaa.

Kabla sijalijibu nilifanya hesabu, maana hesabu humtuliza mzee. Inakadiriwa kwamba mtu mzima hutoa lita 500 hivi za mkojo kwa mwaka, na lita 50 tu za kinyesi. Kwa wanawake wawili katika safari ya siku 3, hiyo ni lita 8 na kitu za mkojo na kinyesi kisichofika lita moja. Hata ukiongeza majivu na unga wa mbao mara tatu ya kinyesi chenyewe, ndoo ya lita 20 itarudi nyumbani ikiwa na nafasi tele. Kumbe mzigo ni mkojo, nao dumu moja la lita 20 linautosha. Mkojo ndio wenye naitrojeni nyingi inayotoka mwilini. Ukiuzimua kwa maji, sehemu moja kwa tatu au zaidi, ni mbolea ya mahindi. Ila usiumwage karibu na kijito wala dimbwi, kwa sababu yai la kichocho laweza kutoka na mkojo, na linachokitafuta ni maji yenye konokono.

Hesabu ilinifundisha jambo jingine, ambalo wauzaji wa masanduku yale hawalisemi kwa sauti kubwa. Ndani ya trela hakuna mboji inayotengenezwa. Siku 3 hazitoshi, wala wiki 3. Ndoo ndogo haipati joto la kuua chochote. Sanduku lile ni mahali pa kukusanyia tu. Mboji yenyewe hufanyika nyumbani, katika shimo au chumba kilichofunikwa, kwa muda mrefu. Mayai ya minyoo hudumu udongoni kwa muda wa kushangaza. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006 inataka zaidi ya mwaka mmoja wa kuhifadhi mahali penye joto, na mwaka mmoja na nusu hadi miwili mahali pa baridi. Mlimani kwetu kuna baridi, kwa hiyo nikahesabu miaka 2. Maana yake ni vyumba viwili nyuma ya nyumba, kimoja kinajazwa na kingine kimefungwa kinangoja. Mtu asiye na kwake pa kurudi, anayezunguka na trela mwaka mzima, simshauri jambo hili. Atajikuta anamwaga ndoo vichakani, na hapo afadhali jembe.

Basi nikampelekea mke wangu shauri lote: ndoo, dumu, vyumba viwili, miaka 2, na mwisho lile la migomba. Alikuwa anapepeta ulezi. Aliendelea kupepeta.

"Baba," akasema, "ukiwa mnadani unakunywa maji ya wapi?"

Nikamwambia ya Mto Mara, yakishachemshwa.

"Na mto huo, mpaka ukufikie wewe, umepita kwa wakwe wangapi?"

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Mto ule unatoka Kenya, unapita mbugani penye nyumbu maelfu kwa maelfu, kisha ndio unatufikia sisi. Hata hivyo sikukubali kwamba mwiko ni kitu cha kufutwa kwa sentensi moja, hata ikiwa ya mke wangu. Mwiko ule ulilinda kitu. Ulimpa mwanamke kijana mahali pake ambapo mzee mwenye boma hana ruhusa ya kumfuata. Ukiutazama hivyo, choo chenye mlango na komeo ndani ya trela, ambacho mimi sina haki ya kukikaribia, kinaufuata mwiko kuliko kichaka kinavyoufuata. Babu yangu, kama angeambiwa achimbe mawili, nadhani magunzi yangetafutiwa ghala.

Tukakubaliana hivi. Sanduku litengenezwe na fundi seremala wa hapa hapa. Liwe pembe ya nyuma ya trela, nyuma ya ukuta wa mbao, mbali na rafu za mbegu na chumvi, maana mteja akihisi harufu hata ya kuwaziwa, hanunui. Bomba la hewa lipite juu ya paa na lizibwe kwa wavu wa kuzuia nzi. Majivu yachukuliwe jikoni, unga wa mbao kwa fundi mwenyewe. Ndoo na dumu vibebwe na mwanangu, si na msichana wa kazi. Hilo nililishikilia, kwa sababu nimeona jinsi kila kazi chafu katika nyumba zetu inavyoteremka ngazi hadi imfikie mtoto wa mtu mwingine. Mwanangu alikunja uso, kisha akakubali. Ni mkewe. Na mboji ikiiva isiende kwenye migomba, iende kwenye migrevilea niliyopanda mpakani. Mgrevilea hatuuli. Tutaukata mbao.

Mke wangu alisema naogopa ndizi. Nilimwambia ni kweli.

Fundi alitaka kujua anatengeneza nini, kwa kuwa tundu la duara juu ya sanduku lilimtatiza. Mwanangu alimwambia ni la kuku wanaoatamia. Fundi akasema kuku gani huyo mwenye makalio makubwa hivyo, na karakana nzima ikajua. Faneli ya mkojo tuliikata kutoka dumu la zamani la mafuta ya kupikia, ikasuguliwa kwa msasa mpaka ukingo wake hauchomi. Gharama yote, mbao, misumari, bomba, wavu na ufundi, haikufika hata sehemu ya kumi ya bei ya lile sanduku la kwenye simu.

Hadi sasa limekwenda safari sita. Mkamwana wangu hajaniambia neno juu yake, wala sitegemei aniambie, lakini naona chupa yake ya maji kaunta pale dukani, na jioni huwa tupu. Limebaki shauri moja ambalo mke wangu amelianzisha na mimi silitaki. Anasema mzee wa umri wangu, anayeamka mara tatu usiku kukojoa, naye anastahili dumu lake chini ya turubai, kuliko kupapasa gizani na tochi penye nyati. Nimemwambia nitafikiri. Ameshanunua dumu, la rangi ya njano ili lisichanganywe na lile la bluu.