Kaseti za Arusi na Soko la Toi

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, juu ya kabati au chini ya kitanda cha bibi, limo fuko la kaseti za video. Mna arusi za miaka ya themanini na tisini, watoto wa madrasa wakisoma kasida siku ya Maulidi, na sauti za wazee ambao leo tunawaombea rehema. Kaseti zipo, ila mashine za kuzichezesha zimekufa. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho inayojulikana kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Na Sony ilisimamisha utengenezaji wa kaseti ndogo za MiniDV Februari 2025. Atakaye kuhamishia picha zake kwenye diski hana budi kutafuta mashine kuukuu, na vitu vikuukuu jijini Nairobi vina masoko yake. Mojawapo ni Toi.

Atokaye Mombasa kwa reli hushuka Syokimau, akaingia mjini, kisha akapanda matatu ya Barabara ya Ngong hadi Adams Arcade. Toi iko upande wa kusini wa barabara hiyo, mpakani mwa Woodley na Makina ya Kibera. Kawangware iko ng'ambo ya barabara, kuelekea magharibi. Kazi kubwa ya soko ni mitumba: mashati, viatu, mikoba, mapazia na mashuka. Vijia ni vyembamba na vibanda vimegusana mabega. Mwenye kutafuta deki au kamera ya kaseti hapa aje na subira, maana hupatikana kwa bahati. Aje pia na kaseti ya majaribio isiyo na thamani, aombe umeme, atazame picha na kusikiliza sauti kabla ya kutoa fedha. Mashine chafu hutafuna ukanda, na ukanda uliotafunwa haushoneki.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini tununue mashine, ilhali wako vijana wenye kompyuta wanaoifanya kazi hii kwa malipo? Jibu limo katika maumbile ya kaseti yenyewe. Kaseti hainakiliwi kwa kupepesa jicho kama faili. Ni lazima ichezwe kwa mwendo wake: ukanda wa saa moja huchukua saa moja, na fundi aliyeketi mbele ya kioo huona yote yaliyomo. Kaseti ya shughuli ya wanawake, waliojipamba na kucheza ndani ya ua uliofungwa, haikurekodiwa kwa macho yake. Waliomo waliingia kwa kuaminiana, na baadhi yao hawapo tena kuulizwa idhini. Hiyo ni amana. Basi kaseti za namna hii zinakiliwe nyumbani na mmoja wa wanawake wa ukoo. Au, ikibidi fundi, awe mwanamke, mwenye kaseti aketi naye mwanzo hadi mwisho, na faili zifutwe kwenye kompyuta yake kabla ya kuagana.

Kazi yenyewe si ngumu. Kwanza itazamwe kaseti kwenye mwanga: ikionekana kuvu nyeupe kandokando ya ukanda, jambo la kawaida kwa unyevunyevu wa bahari, isiingizwe mashinenin mpaka isafishwe na ajuaye, kwani kuvu huchafua mashine na kuambukiza kaseti nyingine. Iliyo safi ipelekwe mbele hadi mwisho na kurudishwa, ili ukanda ulegee. Deki au kamera huunganishwa na kinasa picha cha kompyuta kwa waya za rangi tatu: njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti. Diski ya kawaida ya DVD hubeba gigabaiti 4.7, hali kaseti ya MiniDV ya dakika 60 hufikia takriban gigabaiti 13. Kwa hiyo picha hubanwa ili zienee. Saa moja au mbili kwa diski yatosha. Anayezijaza saa sita hupata nyuso zenye ukungu. Mwishowe diski ifungwe rasmi ili isomeke katika mashine nyingine, na kaseti asili isitupwe.

Toi ina somo jingine, nalo ni la moto. Soko hili liliteketea mapema mwaka 2008 katika ghasia za baada ya uchaguzi, likaungua tena Machi 2019, na tena 2024. Jirani yake Makina ni makazi ya Wanubi, Waislamu wenzetu, wajukuu wa askari wa Kisudani waliowekwa hapo na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Jina Kibera limetokana na neno lao lenye maana ya msitu. Kwa miaka mingi watu hawa walihojiwa uraia wao, na hati ya ardhi ya ekari 288 waliipata mwaka 2017. Mpigapicha Greg Constantine alipotoa kitabu chake juu yao mwaka 2011, alikusanya humo picha za kale zilizohifadhiwa majumbani mwao: arusi, sare za jeshi, watoto mlangoni. Picha za nyumbani zikawa ushahidi kwamba watu hawa walikuwapo.

Nasi tuko vivyo hivyo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari likiwa moja tu, cheche moja yatosha kulimaliza. Kila diski itolewe nakala mbili, moja ikae nyumba nyingine, kwa shangazi au kaka aliye mji wa mbali. Na faili kamili, isiyobanwa, iwekwe kwenye diski kuu ya kompyuta. Juu ya kila kasha yaandikwe majina ya waliomo, mahali na mwaka, maadamu angali hai anayewatambua. Mashine huenda ikapatikana Toi mwakani. Lakini bibi anayejua ni nani aliyesimama nyuma ya bwana arusi hanunuliki sokoni. Aulizwe wiki hii.